Taya na Ramani

Makala yenyewe ni fupi. Inaanzia ukurasa wa 218 na kuishia wa 223 katika jarida la British Journal of Surgery la mwaka 1958. Kichwa chake hakina mbwembwe: kinaeleza tu kwamba kuna sarkoma inayoshambulia mataya ya watoto wa Kiafrika. Aliyeiandika ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, na wagonjwa anaowaeleza ni 38. Unaweza kuimaliza kabla chai yako haijapoa. Ilipotoka haikuvuta macho ya wengi, na sishangai. Jarida lilikuwa la mafundi wa kisu, na makala ile ilikuwa inakiri kwa adabu kwamba kisu hakikuwa na msaada mkubwa kwa watoto wale.

Leo jina la mwandishi limebandikwa kwenye ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam au wa Eldoret hulikariri kabla ya kumwona mgonjwa wa kwanza: limfoma ya Burkitt. Mimi kinachonivuta kwenye kazi ile ni jambo jingine. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Albert Cook, mmisionari aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, alikwisha kuchora mataya ya aina hiyo katika kumbukumbu zake za wagonjwa miongo mingi kabla. Madaktari wa Mulago waliwaona watoto hao kila mwaka. Wauguzi waliwaosha. Mama zao waliwabeba mgongoni. Kila mmoja alikuwa ameuona ugonjwa, na hakuna aliyekuwa ameujua.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani pale Mulago, alimwita Burkitt wodi ya watoto amtazamie mvulana wa miaka kama mitano. Uso ulikuwa umevimba kulia na kushoto, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea, mengine yamekaa upande.

Hapa inafaa kutulia kidogo kwenye umbo la mdomo. Mataya yana pembe nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Jipu la jino hukaa kwenye pembe yake, pale lilipo jino bovu. Uvimbe wa mfupa nao kwa kawaida huota mahali pamoja na kusambaa kutoka hapo. Mvulana yule alikuwa ameshikwa pembe zote nne kwa mpigo. Kama ni maambukizi, mbona hana homa ya maana wala usaha? Kama ni saratani, imeruka vipi kutoka taya la juu hadi la chini, mifupa miwili isiyoungana? Burkitt alimpiga picha, akaondoka bila jibu. Alikuwa na desturi ya kutembea na kamera, na kwangu mimi kamera ile ilichangia utafiti huu kuliko kisu chake.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye hospitali ya wilaya. Akatupa jicho dirishani, akaona nje mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka. Pembe nne tena. Lakini safari hii hakuishia usoni. Alimlaza mtoto akampapasa tumbo, na ndani ya tumbo akakuta uvimbe mwingine.

Mkono ule juu ya tumbo la mtoto wa Jinja ndio mwanzo halisi wa makala ya 1958. Aliporudi Mulago alianza kufukua mafaili ya wagonjwa na ripoti za uchunguzi wa maiti, ambazo kwa bahati njema zilitunzwa vizuri. Patholojia ya Makerere, chini ya J. N. P. Davies, ilikuwa na utaratibu wa kuandikisha saratani ambao hospitali nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa nao. Burkitt akakuta kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa na uvimbe pia kwenye figo, kwenye tezi zilizo juu ya figo, kwenye ini, na kwa wasichana kwenye ovari zote mbili. Wengine walikuwa wamepooza miguu kwa sababu uti wa mgongo umebanwa. Wengine jicho lilikuwa limesukumwa nje na uvimbe uliopanda kutoka taya la juu.

Kabla yake, kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Uvimbe wa jicho uliandikwa kama saratani ya jicho. Wa figo ukaandikwa kama saratani ya figo ya watoto. Wa taya ukapewa jina la sarkoma ya mfupa. Hakuna aliyekuwa mzembe; kila mtaalamu aliandika kwa uaminifu kile kilichokuwa mbele yake, katika kitabu chake, kwenye chumba chake. Kosa lilikuwa la mpangilio wa hospitali, unaoukata mwili kwa idara ilhali ugonjwa hauna habari na idara. Miaka michache baadaye wanapatholojia wa Makerere, Gregory O'Conor na Davies mwenyewe, walipochunguza vipande vya vinundu hivyo kwa hadubini walithibitisha kwamba vyote ni kitu kimoja, na si sarkoma hata kidogo bali limfoma, saratani ya chembechembe za kinga. Kwa hiyo makala ya 1958 ilikosea hata jina kwenye kichwa chake. Hilo halikuiharibu. Ilikuwa imepatia lile gumu zaidi: kwamba taya, tumbo na jicho ni habari moja.

Na kwa nini taya? Jibu la anatomia linavutia, na lina ukatili wake. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka mitano hadi saba hivi. Huo ndio umri ambao chini ya kila jino la utoto kuna jino la ukubwani linaloumbika, likiwa bado limezungukwa na tishu changa zenye damu nyingi. Uvimbe unapenda kujenga hapo. Unalegeza jino kwa chini kabla uso haujaonyesha chochote. Sasa fikiria mama wa mtoto wa miaka sita anayeambiwa, “Mama, jino langu linacheza.” Atafanya nini? Atafanya kile wazazi wote hufanya: atamwambia alitikisetikise mpaka litoke. Dalili ya kwanza ya saratani inayokua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu, inayoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, imejificha nyuma ya jambo la kawaida kabisa la utoto.

Burkitt angeweza kuishia hapo. Wengi huishia hapo: umeona, umeandika, jarida limekubali, unaendelea na orodha ya wagonjwa wa Jumatatu. Yeye hakuishia, na sababu iko katika makala nyingine aliyoichapisha mwaka 1951, ambayo haitajwi sana kwenye sifa zake.

Alipoingia utumishi wa Uganda mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika nchi ya Lango. Huko kazi yake kubwa ya upasuaji ilikuwa mabusha. Watu wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hawahitaji kuelezwa busha ni nini; utani wake wameurithi na maumivu yake wanayajua. Burkitt aliwapasua wanaume wengi sana, na makala yake ilihusu mbinu za kufanya hivyo. Lakini katikati ya mbinu aligundua kitu ambacho fundi wa kisu hana sababu ya kukijali: mabusha yalikuwa mengi upande wa mashariki wa wilaya, na machache mno upande wa magharibi. Wanaume walewale, chakula kilekile, hospitali ileile. Baadaye ilionekana kwamba tofauti hiyo inafuata uenezi wa minyoo ya matende, inayobebwa na mbu.

Mtu anayehesabu mabusha kwa mashariki na magharibi hajajifunza tabia hiyo chuo cha udaktari. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali huko Fermanagh, kaskazini mwa Ayalandi, na siku zake za mapumziko aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa kifua chekundu waliokuwa bustanini kwake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani na mpaka wake unaishia wapi. Wataalamu wa ndege wanamheshimu mzee huyo hadi leo. Mwanawe alianza kusomea uhandisi Dublin kabla ya kuhamia udaktari. Kuna jambo lingine la kuongeza: alikuwa na jicho moja. La pili lilipotea akiwa na miaka kumi na moja, kwa jiwe, katika michezo ya watoto wa shule, na kwa ajili hiyo utumishi wa makoloni ulimkataa alipoomba mara ya kwanza. Sitaki kutengeneza methali juu ya daktari mwenye jicho moja aliyeona wasichokiona wenye mawili. Nataja tu ukweli, msomaji afanye anavyotaka.

Basi akauliza wapi. Alitengeneza vipeperushi vyenye picha za watoto waliovimba mataya, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima kwa swali rahisi: umewahi kuona hiki? Majibu yalipofika alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikaanza kupanga mkanda uliokata bara kwa upana, kaskazini na kusini ya ikweta, na mkia ulioshuka kuelekea Msumbiji.

Ila jibu la posta lina mipaka yake. Daktari asiyejibu, je, hakuona ugonjwa au hakuona barua? Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva kule West Nile na Clifford Nelson, daktari mmisionari kutoka Kanada, waliingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford, wakaelekea kusini. Walitembea wiki kumi na maili zipatazo 10,000, wakapita Kenya, Tanganyika iliyokuwa inahesabu wiki kufikia Uhuru, Nyasaland, Rodesia, Msumbiji hadi Afrika Kusini. Kila hospitali walitoa picha zilezile, wakaketi na madaktari na wauguzi, wakasikiliza. Safari yote iligharimu pesa ambazo mkutano mmoja wa leo wa hotelini huzimaliza kwa vitafunio.

Walichokuwa wanakitafuta ni ukingo, yaani mahali ambapo ugonjwa unakoma. Nadhani hapa ndipo akili ya kazi ile inaonekana wazi zaidi, kwa kuwa katikati ya mkanda hakuna cha kujifunza. Kila mtu huko amewaona watoto hao. Ukingoni ndiko daktari wa hospitali moja anasema ndiyo, na wa hospitali ya jirani, aliye juu mlimani, anasema hapana. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka nao ukashuka. Msumbiji ugonjwa ulibaki kwenye nyanda za chini. Kwa hiyo suala halikuwa mwinuko wenyewe. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipoiangalia ramani alisema kilichofichika humo ni joto: ugonjwa haupendi mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, wala mahali pasipo na mvua ya kutosha. Joto na mvua. Yeyote aliyekulia Afrika Mashariki anajua ni mdudu gani anayeishi kwa masharti hayo mawili.

Wakaguswa pia na visiwa. Zanzibar na Pemba viko chini, vina joto, vina mvua. Kwa kanuni ya ramani vilipaswa kuwa na watoto wengi wa mataya. Havikuwa nao. Kilichokuwa kimetokea visiwani ni kwamba malaria ilikuwa imepigwa vita na kupungua. Pini ambazo hazikuchomekwa Unguja na Pemba zina uzito kuliko mamia ya zile zilizochomekwa bara.

Habari ya kirusi inajulikana zaidi, nitaipita haraka. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na Anthony Epstein, aliyekuwa anasaka virusi vya saratani kwenye kuku, akaingia kusikiliza. Kampala ikaanza kumpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilikosa kutua London kwa ukungu ikapelekwa Manchester; kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza, kumbe ni chembe zilizobanduka na zilikuwa hai. Kwa chembe hizo na nyingine za aina hiyo, Epstein, Bert Achong kutoka Trinidad na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kisha ikaja fadhaa. Kirusi hicho kiko ndani ya karibu kila mtu mzima duniani, kuanzia Oslo hadi Oman. Mimi ninacho, na wewe msomaji yaelekea unacho. Kama kirusi pekee kingetosha, mataya yangevimba kila mahali. Kwa hiyo wataalamu walirudi kwenye ramani na mbu wake. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba malaria, mtoto anapoipata mara kwa mara, huchochea chembe za kinga zinazotengeneza silaha za damu zizaane ovyo, na wakati huohuo huwadhoofisha askari wanaokidhibiti kirusi. Katika kuzaana huko kwa haraka vipande vya kromosomu mbili, ya nane na ya kumi na nne, vinaweza kukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na jeni ya kukua ikawashwa isizimike tena.

Kuhusu tiba Burkitt alikuwa mtu wa vitendo. Mulago haikuwa na mionzi, na kisu kilikuwa kinaharibu uso bila kumwokoa mtoto. Alipata dawa mpya za saratani kutoka kwa madaktari wa Marekani, akazitoa kwa dozi ndogo, na watoto kadhaa walipona kabisa. Uvimbe uliokua kwa siku uliyeyuka kwa siku. Jijini Nairobi Peter Clifford alikuwa akiona mambo hayohayo. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha limfoma ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, na Wamarekani walipoondoka enzi za Amin, Mganda Charles Olweny ndiye aliyekishikilia kisife. Napenda tungemsoma Olweny shuleni kama tunavyomsoma Burkitt. Kugundua ugonjwa hukupa jina; kuendesha wodi bila dawa, bila glavu, wenzako wakikimbilia uhamishoni, hakuna jarida linaloichapisha kazi hiyo.

Na watoto 38? Wamo kwenye makala kama namba, na baadhi kama nyuso. Picha zao zilisafiri kwenye vipeperushi vilivyofika hospitali ambazo wao wasingezifikia kamwe. Sijui kama mama zao waliulizwa kwa namna ambayo leo tungeiita kuulizwa. Wakati ule haikuwa desturi, na kumshitaki Burkitt kwa sheria za leo ni kazi rahisi mno. Lakini bila nyuso hizo swali la kipeperushi lisingekuwa na maana, kwani madaktari walijibu uso, si maelezo. Deni hilo lipo, na wanaolidai hatuwafahamu hata majina.

Katika maandishi yote yaliyozaliwa na zile kurasa sita, ninaloliheshimu zaidi lilitoka mwaka 1989, na linatoka kwetu. Wilaya ya North Mara, kando ya Ziwa Victoria, Tanzania, ilikuwa na watoto wengi wa ugonjwa huu. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa huko chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini, kwa wazo lililo wazi: ukipunguza malaria, mataya yatapungua? Saratani ilipungua. Ila ilikuwa imeanza kupungua kabla vidonge havijagawiwa. Malaria nayo ilishuka mwanzoni kisha ikapanda tena, kwa kuwa vimelea vilikuwa vinaizoea dawa. Waandishi waliweka yote hayo mezani na hawakudai ushindi. Miaka mingi ya kazi, maelfu ya watoto, na jibu likawa: haijathibitika.

Swali limebaki wazi, na huenda likapata nafasi nyingine. Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Homa Bay, upande wa Kenya wa ziwa hilohilo, ndani kabisa ya mkanda wa Burkitt. Watoto hao sasa wanaingia umri ambao ugonjwa huu hupenda kutokea. Jibu halitakuwa safi, kwani chanjo inapunguza malaria bila kuimaliza, na wengine hawakukamilisha dozi. Tena ili kuujua ukweli ni lazima mtu awe anahesabu: kila mtoto wa taya anayefika Kisumu, au Bugando kule Mwanza, aandikwe kijiji chake, umri wake, na kama alichanjwa. Wapo pia wale wasiofika kabisa, ambao uvimbe ulidhaniwa ni jino, likang'olewa, kisha likang'olewa la pili, mpaka nauli ya kwenda hospitali kubwa ilipopatikana wiki zikawa zimepita. Katika nchi tajiri watoto karibu tisa kati ya kumi wenye limfoma hii hupona. Huku kwetu, kulikotoka picha, vipande na ramani, wanaopona ni wachache mno kuliko hao, na sehemu kubwa ya tofauti inaamuliwa kabla mtoto hajaonwa na daktari yeyote anayejua kumpapasa tumbo mwenye meno yaliyolegea.